Usiniulize Jeni Gani, Niulize Wapi

Kazi yangu ni kusoma DNA na kuandika ripoti. Miaka ya mwanzo nilikuwa upande wa wanyama: mbwa, paka, ng'ombe, kondoo, mara mojamoja farasi. Baadaye nikahamia maabara inayopima watu. Wenzangu wengi walidhani nimepanda cheo, kwamba nimetoka kwenye mambo ya mifugo na kuingia kwenye sayansi ya kweli. Mimi naona nilihama chumba tu. Jeni nilizozikuta kwa watu nyingi zilikuwa zilezile nilizoziacha kwa mbwa, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu magonjwa ya binadamu nilifundishwa na ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe ni wa aina ya Belgian Blue. Mapaja yao yametuna, mgongo una mfereji katikati, na ngozi imekaza kiasi kwamba unaweza kufuata msuli mmoja mmoja kwa macho. Chanzo ni jeni iitwayo myostatini, ambayo kazi yake ni kuizuia misuli isikue kupita kiasi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Alexandra McPherron na Se-Jin Lee pamoja na wenzao, waliizima jeni hiyo kwa panya, wakapata panya wenye misuli mikubwa maradufu na zaidi. Mwaka huohuo ikabainika kwamba Belgian Blue wamekosa herufi 11 ndani ya jeni hiyohiyo (DNA huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T), upande wa mwishoni ambako ndiko iliko sehemu ya protini inayofanya kazi. Ndama wao huwa wakubwa hivi kwamba kuzalishwa kwa upasuaji ni jambo la kawaida.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa swali la mtihani: jeni imeharibika, misuli imekua, weka alama. Lakini sampuli zilizokuja mezani hazikuwa za Belgian Blue peke yao. Ng'ombe wa Piedmontese, ambao asili yao ni Italia, nao wana misuli ya namna hiyo, ila jeni yao haijapungukiwa hata herufi moja. Herufi moja tu imebadilika, ikageuza asidi amino, yaani tofali moja la protini, iitwayo sisteini kuwa tairosini. Sisteini hiyo ilikuwa inashiriki kufunga fundo linaloishikilia protini katika umbo lake. Fundo likifunguka, protini inakuwepo lakini haina kazi.

Kondoo wa Texel ndio walionifungua macho hasa. Ukiisoma sehemu ya jeni inayotengeneza protini, huoni kasoro yoyote. Protini yao ya myostatini ni ileile ya kondoo mwembamba. Badiliko limekaa baada ya maagizo kwisha, kwenye mkia ambao seli huunakili lakini haiutafsiri kuwa protini. Hapo G imekuwa A. Basi herufi hiyo moja imefanya, kwa bahati tu, mahali pa kunatia maikro-RNA mbili (nyuzi fupi zinazonyamazisha nakala za jeni) ambazo zimejaa ndani ya misuli, na zikishanata nakala haitafsiriwi inavyotakiwa. Timu ya Michel Georges wa Ubelgiji ilichapisha hayo mwaka 2006. Mtu anayesoma maagizo ya protini peke yake angeandika kwamba kondoo huyo hana tatizo, na ripoti yake ingekuwa na mantiki kamili huku mnyama mwenyewe amesimama mbele yake na mapaja hayo.

Miaka miwili kabla ya hapo madaktari wa Ujerumani walikuwa wameeleza habari za mtoto aliyezaliwa na misuli isiyo ya kawaida mapajani na mikononi. Jeni ni ileile. Kwake badiliko lilikuwa la herufi moja tu, mwanzoni mwa introni ya kwanza (kipande cha jeni kinachonakiliwa kisha kutupwa), mahali ambapo seli hukata na kuunga nakala, kwa hiyo nakala zikawa zinaungwa vibaya. Halafu kuna mbwa wa mbio, whippet, waliopoteza herufi mbili. Kila mzazi humpa mtoto nakala moja ya jeni. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima huwa na misuli zaidi kidogo na, kwa wastani, hukimbia kasi kuliko wenzake. Mwenye nakala mbili mbovu hujaa misuli mwili mzima, na mbioni hana lolote.

Mfugaji mmoja aliisoma ripoti ya jike lake mara mbili, akanitazama: "Sasa hiki ni kilema au ni kipaji?"

Nilimwambia inategemea na huyo dume atakayempandisha. Wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mbili. Hakulipenda jibu. Alitaka neno moja la kuandika kwenye cheti, na nadhani wengi wetu tunapopeleka damu maabara tunataka hilohilo.

Tangu wakati huo, mtu akinitajia jeni mimi huuliza kwanza: badiliko liko wapi? Na ili swali hilo liwe na maana lazima mtu ajue jeni imekaaje. Si mstari mmoja ulionyooka wa maagizo. Mwaka 1977 Richard Roberts na Phillip Sharp, kila mmoja na timu yake, walionyesha kwamba maagizo yamekatwakatwa. Kuna eksoni, vipande vinavyobaki kwenye nakala ya mwisho, na katikati yake kuna introni, ambazo seli huzinakili, kisha huzikata na kuzitupa ndipo iunge eksoni. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1993. Mwanzoni mwa jeni kuna promota, mahali pa kuanzia kunakili, na mbali zaidi, pengine maelfu mengi ya herufi, kuna swichi zinazoamua jeni iwake kwenye seli zipi na kwa nguvu gani. Binadamu ana herufi takriban bilioni 3 na jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, lakini maagizo yenyewe ya protini hayafiki asilimia 2 ya herufi zote. Badiliko linaweza kutua popote pale.

Ndani ya eksoni, seli husoma herufi tatu tatu. Chukua sentensi hii: SAA HII MTU ANA NIA. Futa A moja ya neno la kwanza, kisha endelea kusoma tatu tatu: SAH IIM TUA NAN IA. Kila kitu baada ya pengo kimevurugika. Sasa rudi mwanzo, ufute neno zima la HII: SAA MTU ANA NIA. Imepungua, lakini inasomeka. Mfano huu nimeutumia na wazazi wengi kuliko maelezo mengine yoyote, kwa sababu ya jeni moja inayoitwa distrofini.

Distrofini iko kwenye kromosomu X. Ni jeni kubwa ajabu: herufi kama milioni 2.2, eksoni 79, na baada ya kukata introni zote kinachobaki ni herufi 14,000 hivi. Protini yake huzilinda seli za misuli zisichanike zinapojikunja na kujinyoosha. Ikikosekana kabisa, mtoto, karibu kila mara wa kiume, hupata ugonjwa wa Duchenne: anachelewa kutembea, anaanguka mara kwa mara, anakuja kuhitaji kiti cha magurudumu kabla au karibu na kubalehe, na baadaye moyo na kupumua vinaathirika. Ikiwepo pungufu, hupata Becker, ugonjwa wa misuli ileile lakini mpole zaidi na wa kuchelewa.

Kina mama hukaa pamoja kwenye benchi wakisubiri, na ripoti husomwa kwa pamoja. Siku moja wawili waliingia kwangu na karatasi zao. Mtoto wa mmoja alikosa eksoni ya 45 peke yake. Wa mwingine alikosa nne, 45 hadi 48. Huyo aliyepoteza nne ndiye aliyekuwa bado anapanda ngazi mwenyewe. Mama wa yule wa kwanza alisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunjia heshima aliyekosea, "Nadhani mmebadilisha majina."

Hatukuwa tumebadilisha. Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya karatasi urefu wa kila eksoni kwa herufi: ya 45 ina 176, ya 46 ina 148, ya 47 ina 150, ya 48 ina 186. Gawanya 176 kwa tatu: inabaki 2, na kila kitu kinachofuata kinasomwa kombo mpaka seli inakutana na alama ya kusimama isiyostahili kuwepo. Sasa jumlisha zote nne: 660. Gawanya kwa tatu: 220 kamili. Protini imepoteza asidi amino 220 za katikati lakini ncha zake zote mbili zimebaki, na ncha ndizo zinazoshikilia. Yule mama alifanya hesabu mwenyewe kwenye simu, akairudia, kisha akasema, "Kwa hiyo wa kwangu angepoteza zaidi ingekuwa afadhali."

Ndiyo, na hilo si faraja, ila ndilo lililozaa aina nzima ya dawa. Kama eksoni ya 44, yenye herufi 148, nayo ingerukwa, jumla ya pengo ingekuwa 324, ambayo inagawanyika kwa tatu. Dawa za kurusha eksoni hufanya hivyo hasa: zinaifunika eksoni wakati wa kukata na kuunga ili seli iipite. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 2016, ilikuwa ya eksoni ya 51, na ushahidi wa manufaa yake ulizua mabishano makali hata ndani ya mamlaka ya dawa yenyewe. Mimi nimo kwenye kundi la wanaosema wazo ni sahihi na dozi inayofika kwenye misuli ni ndogo mno. Wazo lina mzizi mzuri: mwaka 1990 iliandikwa habari ya mtu aliyekosa asilimia 46 ya maagizo ya distrofini, naye akiwa na umri wa miaka 61 alikuwa bado anatembea.

Wazazi hao pia husoma habari. "Wamemponya panya, kwa nini wasimponye mwanangu?" Swali hili nalijua kutoka upande wa wanyama. Panya anayetumika sana kwenye utafiti huu ana alama ya kusimama ndani ya eksoni ya 23. Hana distrofini kabisa, kama mtoto wa Duchenne. Lakini anatembea, anazaa, anaishi karibu umri wa kawaida wa panya. Misuli yake hujijenga upya vizuri kuliko yetu, na protini ya ukoo mmoja na distrofini humsaidia kuziba pengo. Mbwa wa golden retriever ndiye anayefanana na mtoto: herufi moja mwishoni mwa introni ya sita imebadilika, eksoni ya saba inarukwa, usomaji unavurugika, na mbwa anapata shida ya kutembea, ya kumeza, ya moyo, na wengi hufa mapema. Jeni ileile, protini imekosekana vilevile, miili miwili tofauti. Kwa hiyo nikiambiwa dawa imefanya kazi kwa panya nasikiliza, na nikiambiwa imefanya kazi kwa mbwa navuta kiti.

Lakini hata kwa mbwa mambo hayakai mstarini. Brazil, kwenye kundi la golden retriever lililokuwa likifuatiliwa na timu ya Mayana Zatz, alizaliwa dume aliyeitwa Ringo. Hakuwa na distrofini, vipimo vyote vilisema ni mgonjwa, naye akakimbia, akazalisha watoto wengi, akafikia umri wa kawaida wa mbwa. Mmoja wa watoto wake, Suflair, naye akawa hivyohivyo. Mwaka 2015 sababu ikachapishwa: badiliko la herufi moja kwenye promota ya jeni nyingine kabisa, Jagged1, lililoifanya iwake zaidi kwenye misuli. Jeni yenyewe ya Jagged1 haikuguswa, wala distrofini haikurudi. Nimeisoma ile makala mara nyingi kuliko ninavyohitaji kikazi. Inanikumbusha kwamba ninapoandika "anatarajiwa kupata ugonjwa mkali" ninazungumzia jeni moja kati ya 20,000.

Kuna kitu kimoja nilichokiona kwenye skrini enzi za mbwa ambacho bado natamani kila mwanafunzi akione. DNA tunaisoma kwa vipande vifupi, kisha programu inavipanga juu ya jenomu (DNA nzima) ya kulinganishia. Kipande kinachofika mwisho wa eksoni huendelea kuingia kwenye introni, kwa kuwa DNA ina vyote viwili. Kipande kinachotoka eksoni moja na kudondokea eksoni inayofuata, introni imeyeyuka, ni dalili ya RNA, ile nakala ambayo seli huitoa kwenye DNA, si ya DNA yenyewe. Sasa fungua DNA ya mbwa aina ya dachshund kwenye FGF4, jeni inayohusika na ukuaji. Vipande vingi vimekaa kama kawaida, lakini kundi dogo linaruka: eksoni, eksoni, eksoni, bila introni hata moja. Mtu wa kwanza anayekutana nalo hudhani sampuli imechafuka.

Haijachafuka. Zamani sana nakala ya RNA ya jeni hiyo iligeuzwa tena kuwa DNA ikapachikwa mahali pengine kwenye jenomu ya mbwa. Timu iliyomhusisha Elaine Ostrander iliieleza mwaka 2009: nakala hiyo ya ziada, kwenye kromosomu ya 18, ndiyo iliyowapa dachshund, corgi na basset hound miguu mifupi. Mwaka 2017 ikapatikana nyingine kwenye kromosomu ya 12, na hiyo, pamoja na kufupisha miguu, huzifanya diski za uti wa mgongo kuzeeka na kukakamaa mapema mpaka zikapasuka. Protini inayotengenezwa ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni mahali na wakati inapotengenezwa, yaani ndani ya mifupa inayokua, pasipohitaji kiasi hicho. Kwa binadamu, ufupi wa akondroplasia unapita njia ileile ya mawasiliano ya seli, ila kwa upande wa kipokezi, FGFR3, na karibu wagonjwa wote wana badiliko la asidi amino ileile moja, ya 380. Wengi wao wana wazazi wa urefu wa kawaida kwa sababu badiliko ni jipya, limetokea kwenye yai au mbegu ya mzazi. Hili huwa nalisema mapema sana kwenye mazungumzo, kabla familia haijaanza kutafuta ni upande wa nani.

Nikahamia watu, na mioyo. Paka wa Maine Coon wanaokufa ghafla kwa moyo ulionenepa kuta walinifundisha jeni ya MYBPC3. Badiliko lao lilitambuliwa mwaka 2005. Kwa binadamu jeni hiyohiyo ni mojawapo ya zile mbili zinazohusika zaidi na ugonjwa huo, na Asia ya Kusini kuna badiliko la kukosa herufi 25 ndani ya introni yake, ambalo takriban asilimia 4 ya watu wa huko wanalo. Asilimia 4 ya watu wa eneo kubwa namna ile ni mamilioni, na wengi wao hawajui wala hawaumwi mpaka umri umeenda.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Ukisoma DNA ya mtu yeyote unakuta mamilioni ya tofauti. Nyingi hazina neno. Chache ni hatari. Na kuna lile kundi la katikati tunaloliandika "maana haijajulikana", kundi ambalo wagonjwa wanalichukia, na wana haki. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba mabadiliko kadhaa yaliyokuwa yakiandikwa kwenye ripoti kama chanzo cha ugonjwa huu wa moyo yalikuwa ya kawaida tu kwa Wamarekani weusi, na kuna walioambiwa wana hatari ya ugonjwa bila kuwa nayo. Sababu ilikuwa wazi mno: waliolinganishwa nao walikuwa karibu wote wa asili ya Ulaya. Mwaka 2020 waliposomwa watu 426 tu kutoka makundi 50 ya lugha barani Afrika, zilipatikana zaidi ya tofauti milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa. Nasema "tu" kwa makusudi. Mpaka leo, jina la ukoo wa mgonjwa likinidokeza anatoka Afrika, narudi kuangalia mara ya pili badiliko lililokuja na lebo ya hatari, na wala sijutii muda huo.

Msaada mwingine hutoka kwa wanyama. Herufi ambayo imebaki vilevile kwa popo, nyangumi, tembo na sisi kwa mamilioni ya miaka ina kazi, hata kama hatujui ipi. Mwaka 2023 ulitoka ulinganisho wa mamalia wapatao 240, na angalau asilimia 10 ya jenomu yetu ikaonekana imelindwa kwa namna hiyo, sehemu kubwa ikiwa nje ya maagizo ya protini. Huo ni ushahidi mzuri, ila si hukumu. Alfa-sinukleini, protini ya ubongo, ina alanini kwenye nafasi ya 53 kwa binadamu. Ikigeuka threonini mtu hupata mapema Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Panya wote wana threonini hapohapo, tena ndiyo kawaida yao, na hawatetemeki. Protini yao ina tofauti nyingine pembeni, na ubongo wao na miaka yao si vyetu. Herufi haina ubaya wake peke yake.

Familia ninazokutana nazo zaidi siku hizi ni za selimundu. Jeni ni HBB, ndogo na nadhifu, eksoni tatu na introni mbili. Herufi A imekuwa T kwenye nafasi ya sita ya protini, asidi ya glutamiki ikawa valini, na hemoglobini inashikamana ikikosa oksijeni mpaka chembe nyekundu inapinda. Mwenye nakala moja kwa kawaida haumwi, na tangu kazi ya Anthony Allison ya mwaka 1954 tunajua amepata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Kwenye nafasi hiyohiyo ya sita, herufi jirani ikigeuka, unapata hemoglobini C, iliyo pole zaidi. Sogea ndani ya introni ya kwanza, herufi ya 110, G ikiwa A, unapata mahali bandia pa kuungia nakala: nakala nyingi zinabeba herufi 19 za introni zilizotakiwa kutupwa, na mtu ana talasemia ya beta, yaani hemoglobini yake ni pungufu. Haya yote yamo ndani ya jeni ndogo kuliko baadhi ya introni za distrofini.

Na tiba mpya haiigusi jeni hiyo. Tukiwa tumboni tunatumia hemoglobini nyingine, ya gama, ambayo haina kasoro ya selimundu. Baada ya kuzaliwa, jeni ya BCL11A huizima. Ndani ya introni ya BCL11A kuna swichi inayoiwasha kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu za damu peke yake. Seli mama za damu za mgonjwa hutolewa, swichi hiyo inakatwa, mgonjwa anapewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani, kisha seli zinarudishwa. BCL11A inapungua kwenye seli hizo za chembe nyekundu lakini inabaki kwingineko inakohitajika, na hemoglobini ya tumboni inarudi. Uingereza iliidhinisha mwezi Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Introni, sehemu tuliyofundishwa shuleni kwamba hutupwa, ndiyo iliyobeba dawa. Bei yake mimi naiona ni aibu, lakini hilo ni suala la siku nyingine.

Mzee mmoja ambaye binti yake alikuwa amekubaliwa kupata tiba hiyo alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Akishapona, wajukuu wangu nao wamepona?"

Nilimwambia hapana. Kinachorekebishwa ni damu yake. Mayai yake bado yana HBB ileile aliyozaliwa nayo, na kila mtoto atapokea nakala moja ya selimundu kutoka kwake, iwe iwavyo. Kinachobaki ni upande wa mume.

"Mkwe alishapimwa selimundu," akasema. "Hana."

Nikamwomba mkwe aje tena. Kipimo alichofanyiwa kilitafuta herufi moja tu, na mtoto anaweza kuugua vilevile akipata selimundu kwa mama na talasemia ya beta kwa baba. Tukaisoma HBB yake yote, pamoja na introni.